SOMO: Dawa ya Kifafa kwa Maumivu ya Mishipa ya Fahamu. Kwa Nini Mtoto Wako Amepewa?



Katika karatasi iliyopita tulijifunza namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka kifafa. Baada ya somo lile, wazazi kadhaa walikuja na swali moja: "Mtoto wangu haanguki. Kwa nini daktari amemwandikia dawa ya kifafa?" Swali hili ni zuri, na leo tutalijibu. Wenye vijana wa umri wa miaka 10 hadi 19 wasome kwa makini. Mkimaliza, wasomeeni na wale wasiojua kusoma.

KISA CHENYEWE

Mimi ni mhudumu wa jamii hapa kambini. Kazi yangu mojawapo ni kusindikiza wagonjwa wanaotumwa Kampala. Hospitali ya Mulago iko kilimani, na chini yake ni Wandegeya. Hapo ndipo tunaposhuka kwenye taksi, ndipo tunapokula, na ndipo tunapotafuta dawa, kwa sababu maduka ya dawa ni mengi kando ya barabara.

Siku moja nilimsindikiza kijana wa miaka 15 pamoja na mama yake. Kijana huyo alipigwa risasi mguuni wakati familia yao ilipokuwa inakimbia vita upande wa Kongo. Jeraha lilikuwa limepona zamani, limebaki kovu tu. Lakini kila usiku unyayo wake ulikuwa unawaka. Hakuweza kufunikwa blanketi. Hakuweza kuvaa kiatu, kwa hiyo aliacha shule. Majirani walisema: "Kovu limekauka, anaumwa nini? Huyu anakwepa kuchota maji."

Daktari alimchunguza, akamgusa mguu kwa pamba na kwa kitu chenye ncha, kisha akamwandikia dawa. Tuliteremka Wandegeya kuinunua. Muuzaji alisoma karatasi, akauliza kwa upole: "Mwenye kifafa ni huyu?"

Mama alishtuka. Tulipotoka nje akaniuliza: "Mwanangu, daktari amekosea, ama anatuficha ugonjwa wa mtoto?" Nilimjibu: "Mama, mimi sijui. Labda tungoje kwanza."

Hapo nilikosea. Kwanza, sikujua. Pili, sikurudi kilimani kumwuliza daktari, ingawa hospitali ilikuwa karibu. Dawa ilifungwa katika kitenge ikakaa majuma matatu bila kunywewa, na kijana akaendelea kukesha. Nimeandika somo hili ili mama mwingine akiuliza swali lile, apate jibu siku ileile.

MAUMIVU YA MISHIPA YA FAHAMU NI NINI?

Mwili una mishipa ya damu, na una mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kutoka kwenye ngozi, misuli na viungo hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo. Ukikanyaga mwiba, mshipa unapeleka habari: "Hapa pameumia." Mwiba ukitoka na kidonda kikipona, habari hukoma. Hayo ni maumivu ya kawaida.

Lakini mshipa wenyewe ukikatwa, ukibanwa au ukiharibiwa na ugonjwa, unaweza kuendelea kupeleka habari ya uongo kwamba mwili unaumia. Kidonda hakipo, ila ubongo unapokea habari ya kidonda. Mgonjwa hadanganyi. Maumivu yake ni ya kweli kabisa.

Dalili zake ni hizi:

1. Kuwaka kama moto, au kuwasha kama aliyepakwa pilipili.
2. Kupigwa kama na umeme, au kuchomwa kama na sindano nyingi.
3. Ganzi, huku sehemu hiyohiyo inauma.
4. Kuumia kwa kitu kisichoumiza, kama nguo, upepo au maji baridi.
5. Maumivu kuzidi usiku na kumnyima usingizi.
6. Parasetamoli na ibuprofeni kutosaidia, au kusaidia kidogo tu.

Kijana akikueleza mambo kama haya, usimwambie anajisingizia. Mlete kituoni.

YANATOKA WAPI KWA VIJANA WETU?

Sababu ni nyingi. Hapa tunataja zile tunazoweza kuzikuta kwetu:

(a) Majeraha. Risasi, panga, mabomu ya ardhini, ajali za pikipiki na mifupa iliyovunjika. Aliyekatwa mguu anaweza kuhisi maumivu katika mguu ambao haupo tena. Huo si wazimu wala si roho ya mguu.

(b) Magonjwa. Virusi vya UKIMWI, ukoma, ugonjwa wa sukari, na mkanda wa jeshi. Wagonjwa wa selimundu pia, baada ya miaka ya maumivu ya mifupa, baadhi yao hupata maumivu ya aina hii.

(c) Dawa za magonjwa mengine. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza kuumiza mishipa ya miguu. Ndiyo sababu wagonjwa wengi hupewa pamoja nayo vitamini B6. Msiitupe vitamini hiyo mkidhani ni ya ziada.

(d) Saratani na matibabu yake. Pale Mulago kuna Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao Dk. Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Mulago. Dawa moja inayotumika kutibu uvimbe huo ni vinkristini. Imesaidia kuokoa watoto wengi, lakini inaweza kuacha ganzi na maumivu katika vidole vya mikono na miguu.

Kwa kuwa sababu ni nyingi, daktari lazima atafute chanzo kwanza. Mwenye sukari atibiwe sukari. Mwenye ukoma atibiwe ukoma. Dawa ya maumivu peke yake haitoshi.

DAWA YA KIFAFA INAINGIAJE HAPA?

Wale waliofika Wandegeya wanazijua taa za barabarani pale njia panda. Taa zikifanya kazi, magari yanapita kwa zamu. Fikiria taa zote zimekwama kwenye kijani. Magari ya kila upande yangeingia kwa pamoja, honi zikapigwa, na hakuna ambaye angesikilizana na mwenzake.

Mishipa ya fahamu nayo ina milango midogo inayofunguka na kufungwa ili habari ipite kwa zamu. Katika kifafa, sehemu ya ubongo inatuma habari nyingi kwa pamoja, bila zamu, na mtu anaanguka. Katika maumivu haya, ni mshipa ulioumia unaotuma habari bila zamu, na mtu anahisi moto. Magonjwa ni mawili tofauti, ila fujo yake inafanana. Kwa hiyo dawa inayotuliza fujo ya kwanza inaweza kutuliza na ya pili.

Jambo hili si geni. Mwaka 1942 daktari Bergouignan wa Ufaransa alieleza kwamba fenitoini, dawa ya kifafa, iliwasaidia wagonjwa wenye maumivu makali ya mshipa wa uso. Mwaka 1962 daktari Blom wa Sweden alieleza jambo hilohilo kuhusu kabamazepini. Tangu hapo madaktari wa nchi nyingi wamezitumia dawa hizi kwa maumivu.

Basi shikeni neno hili: KUPEWA DAWA YA KIFAFA HAKUNA MAANA KWAMBA UNA KIFAFA. Na dawa hiyo haiwezi kumletea kifafa mtu asiye nacho kwa kuwa ameinywa kama alivyoagizwa.

DAWA ZENYEWE

Kabamazepini. Wengi huijua kwa jina la Tegretol. Hupunguza kasi ya milango ya chumvi katika mshipa, ili mshipa usipige kelele mfululizo.

Gabapentini. Ilianza kama dawa ya kifafa. Hupunguza kemikali zinazopeleka habari ya maumivu kutoka mshipa mmoja hadi mwingine.

Pregabalini. Ni ndugu wa gabapentini na hufanya kazi kwa njia ileile.

Valproeti. Ni dawa ya kifafa yenye nguvu, lakini inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba wasianzishiwe dawa hii. Binti yako akiandikiwa kwa ajili ya maumivu, muulize daktari kama kuna dawa nyingine.

Daktari anaweza pia kuchagua amitriptilini, ambayo si dawa ya kifafa bali ya huzuni nzito. Maelezo ni yaleyale: jina la ugonjwa kwenye pakiti si lazima liwe ugonjwa wa mtoto wako.

JE, IMETHIBITISHWA KWA VIJANA?

Tuseme ukweli. Utafiti mwingi juu ya dawa hizi kwa maumivu ulifanywa kwa watu wazima. Kwa vijana ni mchache. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilisema haliwezi kuzipendekeza wala kuzikataa kwa maumivu ya mishipa ya watoto, kwa sababu ushahidi ulikuwa haba. Mwaka 2020 lilieleza kwamba dawa zinaweza kutumika kwa mtoto mwenye maumivu ya kudumu, zikichaguliwa kulingana na hali yake, na kwamba mazoezi ya mwili na msaada wa nafsi ni sehemu ya matibabu.

Maana yake kwetu ni hii. Daktari anaijaribu dawa kwa uangalifu. Anaanza na kiasi kidogo, anaongeza polepole, na anaangalia matokeo. Kijana mmoja atapona vizuri, mwingine atapata nafuu ya nusu, mwingine hataona kitu, na dawa itabadilishwa. Kwa hiyo kurudi kliniki siku uliyopangiwa ni sehemu ya tiba. Asiporudi mgonjwa, daktari hana njia ya kujua.

JINSI YA KUTUMIA

1. Fuata kiasi kilichoandikwa. Kiasi hupangwa kwa uzito na umri wa mtoto. Usifuate kiasi cha jirani mwenye kifafa.
2. Usitegemee nafuu siku ya kwanza. Mara nyingi huchukua siku kadhaa au majuma, kwa sababu dawa inaongezwa polepole.
3. Dawa hizi hunywewa kila siku, maumivu yawepo au yasiwepo.
4. Usiongeze kidonge usiku maumivu yanapozidi.
5. USIACHE GHAFLA. Ukiacha ghafla, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu, pamoja na jasho na kukosa usingizi, na mara chache hata degedege. Daktari ndiye anayeipunguza hatua kwa hatua.
6. Hesabu vidonge kila Jumamosi. Vikibaki vya siku saba, njoo utuambie. Usingoje viishe.
7. Weka dawa mbali na watoto wadogo. Kidonge cha kijana kinaweza kumzimisha mtoto wa miaka miwili.
8. Usimgawie mtu, na usiuze.

MAMBO YA KUTAZAMIA

Siku za mwanzo kijana anaweza kuwa na usingizi, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona vitu viwiliviwili, au kuyumba kama aliyelewa. Mengi ya haya hupungua. Kwa siku hizo asipande miti, asiendeshe baiskeli, asiteke maji kisimani peke yake, wala asiachwe karibu na moto wa kupikia. Mwalimu aambiwe, ili asimpige kwa kusinzia darasani.

MLETE KITUONI SIKU ILEILE, hata kama ni usiku, ukiona:

- Upele mwilini, hasa wenye malengelenge, au vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri. Upele huu unaweza kuua. Usimpe kidonge kingine kabla hajaonwa.
- Homa, vidonda vya koo, michubuko au kutokwa na damu bila sababu.
- Macho kuwa ya manjano.
- Kushindwa kuamshwa, au kupumua polepole sana. Hatari hii huzidi akinywa pombe, au dawa kama tramadoli na mofini bila mpango wa daktari.
- Kijana kubadilika tabia, kujitenga, kusema hataki kuishi. Dawa za kifafa zinaweza kuleta mawazo hayo kwa watu wachache, na maumivu nayo huyaleta. Usimkemee. Kaa naye, usimwache peke yake, tuite.

Pia miguu ikiishiwa nguvu, au kijana akianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, usingoje siku ya kliniki. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

DAWA ZINAZOGONGANA

Sehemu hii isomwe mara mbili. Kabamazepini na fenitoini hulifanya ini liondoe dawa nyingine haraka mno, nazo zinakosa nguvu. Mifano:

Malaria. Coartem haipaswi kutumiwa pamoja na kabamazepini wala fenitoini, kwa sababu zinaipunguza nguvu na malaria inaweza isipone. Mtoto akipata homa, kwanza mwambie mhudumu kwamba anakunywa dawa hizi. Usinunue Coartem dukani kimyakimya.

Virusi vya UKIMWI. Kabamazepini hupunguza nguvu ya dolutegravia na nyinginezo. Daktari atabadilisha kiasi au atachagua dawa nyingine.

Kupanga uzazi. Vidonge na vijiti vya mkononi vinaweza kushindwa kuzuia mimba. Najua wazazi hawapendi neno hili kuhusu binti zao. Lakini baadhi ya mabinti wameolewa, na wengine wana kijiti ambacho mama hajui. Binti, mwambie muuguzi faraghani. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi hivyo.

Kifua kikuu. Isoniazidi yenyewe huifanya kabamazepini ijae mwilini kupita kiasi.

Gabapentini haina matatizo mengi ya namna hii. Ila usiinywe pamoja na dawa ya kutuliza asidi ya tumbo. Acha saa mbili katikati.

Kwa hiyo kila unapokwenda kituoni, au dukani Wandegeya, chukua daftari lako la matibabu na pakiti zote za dawa. Usiseme "ile nyeupe ya mviringo." Dawa nyeupe za mviringo ni nyingi.

MSAADA MWINGINE

Dawa isifanye kazi peke yake. Mguu unaoogopa kuguswa ufundishwe polepole: leo kitambaa laini dakika chache, kesho zaidi. Kijana atembee kila siku kadiri anavyoweza. Aliyekatwa mguu anaweza kusaidiwa kwa kioo: anatazama mguu mzima ndani ya kioo huku akiuchezesha, na ubongo unatulia. Mwombe mtaalamu wa mazoezi akuonyeshe. Mwenye ganzi akague nyayo zake kila jioni, maana anaweza kukanyaga kaa la moto bila kujua.

Maumivu ya saratani yanayozidi yana msaada wake pia. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, na mofini ya kunywa hutolewa Uganda kwa wagonjwa wanaoihitaji. Mwulize mhudumu wa afya namna ya kutumwa huko.

MANENO YA WATU

Kijana wetu alipoanza kunywa dawa, jirani aliona pakiti. Kesho yake watoto walikataa kula naye sahani moja. Hapa kuna makosa mawili. La kwanza, hakuwa na kifafa. La pili, hata angekuwa nacho, kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa sahani wala kwa kumgusa mtu aliyeanguka. Wazazi, msiwatetee watoto wenu kwa kusema tu, "Wangu hana kifafa," kana kwamba mwenye kifafa ni mchafu. Fundisheni yote mawili.

Sasa niwaambie alivyoendelea. Niliporudi Mulago na mgonjwa mwingine nilimwuliza daktari, naye akanieleza kwa dakika tano tu. Nilirudi nikaenda kwa mama yule, nikamwomba radhi. Alinitazama, akasema: "Mwanangu, afadhali umerudi na jibu." Alifungua kitenge. Juma la kwanza kijana alisinzia sana, na mama alitaka kuacha. Tulikwenda kwa muuguzi, akawasiliana na daktari, kiasi kikapangwa upya. Baada ya kama mwezi aliweza kuvumilia soksi. Bado anaumwa siku za baridi, lakini analala, na amerudi shule akiwa amevaa sandali.

KUMBUKA

- Maumivu bila kidonda ni maumivu ya kweli.
- Dawa ya kifafa kwa maumivu si kosa la daktari, wala si siri ya ugonjwa.
- Anza polepole, usiache ghafla, rudi kliniki.
- Upele wenye malengelenge: mlete siku ileile.
- Taja dawa hii kila unapotibiwa malaria.
- Usichoelewa, uliza kabla ya kutoka hospitalini. Ukikumbuka ukiwa Wandegeya, rudi kilimani ukaulize.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja dalili tatu za maumivu ya mishipa ya fahamu.
2. Mtoto anayekunywa kabamazepini amepata homa usiku. Utafanya nini, na hutafanya nini?
3. Jirani anasema, "Huyo ana kifafa, nimeona dawa." Utamjibuje?
4. Je, umewahi kuacha dawa kwa sababu hakuna aliyekueleza kazi yake? Ungeuliza swali gani?

Karatasi hii haichukui nafasi ya daktari. Ukiwa na swali, tukutane Jumanne baada ya mgao, chini ya mwembe wa kituo cha afya.